Mjadala: Elimu ya tiba iliyopatikana kwa kutesa watu, tuitumie au tuiache?

Muuguzi, Nyamagana

Juzi tukiandaa vifaa vya upasuaji wa fistula, lile tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu na kuvujisha mkojo, mwanafunzi wa udaktari alishika spekulamu ya Sims, kile chuma cha kupanulia uke kilichopinda ncha zote mbili, akaniuliza: "Sista, huyu Sims mwenye jina hili ni nani?" Nikamweleza. Ni daktari wa Alabama, Marekani. Kati ya 1845 na 1849 alijifunza kuziba fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa, bila ganzi wala usingizi. Tunaowajua kwa majina ni watatu tu: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Walikuwa mali ya watu, wangekataa wangesikilizwa na nani? Kijana akakirudisha chuma kwenye trei, akasema elimu ya namna hiyo ni haramu.

Mimi nasema tuitumie. Siku ile tulikuwa na binti kutoka kisiwani Ukerewe. Uchungu siku tatu, mtumbwi ukachelewa, mtoto akafa, na tangu hapo mkojo haukomi. Alikuja na kanga nne kwenye mfuko wa rambo, akagoma kukaa kwenye benchi asije akaliloanisha mbele za watu. Nimrudishe kwao kwa dhambi ya Sims? Anarcha aliugua ugonjwa huu huu. Huyu akikosa tiba, yule anapata nini?

Kinachoniuma ni kwamba chuoni nilifundishwa Sims, Sims, Sims. Anarcha sikutajiwa hata siku moja. Wenzangu mnasemaje?

Mwalimu wa historia, Kirumba

Dada, mbona unakwenda mpaka Alabama? Mwaka 1906 Robert Koch, daktari Mjerumani, tuzo ya Nobel ameshaipata mwaka uliotangulia, alikuja kwenye ziwa letu hili, akapiga kambi visiwa vya Sese upande wa Uganda kutafuta dawa ya malale. Aliwadunga wagonjwa Atoxyl, dawa yenye sumu ya arseniki, na alipoona haitoshi akaongeza dozi. Wapo waliopofuka. Baadaye zikaja dawa nyingine za arseniki, melarsoprol ikiwemo, zikaokoa wengi. Sasa unaposema tuwataje, wale wa Sese tutawatajaje? Majina yao nani anayafahamu?

Mwanafunzi

Shikamooni. Ni mimi niliyeuliza. Sista, sikumkataa mgonjwa. Ninachoogopa ni mtafiti wa kesho. Mwaka 1942 madaktari wa Wanazi walianza kutumbukiza wafungwa kwenye maji ya barafu kambini Dachau, Ujerumani, na baada ya vita wakatokea walionukuu matokeo yale kama utafiti mwingine wowote. Mtu akijua kwamba kazi yake itatumika tu hata akiua, nini kitamzuia asije huku visiwani kwetu, ambako watu wanatia dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma?

Muuguzi, Nyamagana

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye dole gumba umenigusa, nimeyaona kwa macho yangu. Utafiti wa namna hiyo ukiletwa leo ukataliwe mlangoni, na aliyeufanya ashtakiwe, matokeo yawe mazuri yasiwe mazuri. Katika hilo sina ubishi na wewe. Ila ya Sims yako mikononi mwetu tayari, na mgonjwa yuko kitandani.

Mwalimu, wale wa Sese hata bila majina wasemwe darasani, siku ile ile anapotajwa Koch.

Binti wa Ukerewe anatolewa mpira wa mkojo Alhamisi asubuhi. Mwanangu, njoo uwepo.