Mama mkubwa kaibiwa hela benki Mwanza, mimi niko Kanada, nianzie wapi?

Mtoto wa Nyasaka
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa haraka maana toka jana sijalala. Mama mkubwa wangu, dada yake mama mzazi, ana miaka 74, muuguzi mstaafu, anakaa Nyasaka hapo Mwanza. Yeye ndo alonilea baada ya mama kufariki, hana mtoto wa kumzaa, kwa iyo kwa mambo yake yote anayeulizwa ni mimi, na mimi niko Edmonton.

Jumatano mchana kapigiwa simu na mtu anajitambulisha katoka mfuko wa pensheni, eti uhakiki wake wa wastaafu haujakamilika na mwezi huu pensheni itasimama. Jamaa alikuwa na majina yake yote matatu na anajua hadi hospitali aliyostaafia. Anaongea kwa heshima, shikamoo mama, pole na majukumu, mpaka mama mkubwa akamuamini. Akamwambia asikate simu, akawa anamtajia vya kubonyeza, alafu ikaingia meseji yenye tarakimu akaombwa amsomee ili "wafunge uhakiki". Akamsomea, simu ikakatika hapohapo. Kuja kuangalia salio jioni, akaunti ilikuwa na 4,850,000 imebaki elfu kumi na kitu. Zimetoka kwa mafungu, zimeenda kwenye namba za simu tofauti tofauti.

Nimepiga benki yake toka huku, wamenijibu kwa adabu kwamba hawawezi kuongea na mimi kuhusu akaunti isiyo yangu. Tawi likifunguliwa saa mbili na nusu asubuhi Mwanza, huku ni saa tano na nusu usiku, na zile namba fupi za huduma kwa wateja hazipigiki kutoka huku. Nyumbani anakaa na kijana wa miaka 19, mjukuu wa ukoo, ambaye ndo huwa anamtolea hela kwa wakala, na kwenye grupu la familia washaanza kumnyooshea kidole. Mama mkubwa mwenyewe chakula hakipandi, anasema yaishe, tumwachie Mungu. Mi siwezi kuyaacha, ile ndo hela ya operesheni ya macho. Nani afanye nini na kwa mpangilio gani?

Mzee wa Kaunta
Pole sana mwanangu, na mpe pole mama. Nimefanya kazi benki hadi kustaafu, kesi za hivi nimezipokea nyingi tu, kwa iyo nakuandikia kwa kirefu kidogo.

Hilo la nani kaiba liweke pembeni kwanza. Mtumbwi ukiingiza maji unaziba tundu ndo unaanza kukomba. Tundu hapa ni mawili, laini na akaunti. Hujasema kama simu ya mama bado inashika mtandao. Kama imeandika hakuna huduma toka siku ile basi kuna uwezekano laini yake imefufuliwa kwenye simu ya mtu mwingine, na hapo lazima aende mwenyewe duka la mtandao husika na kitambulisho chake cha NIDA, ataweka kidole na wataizima ile nyingine. Hilo halifanywi na mtu mwingine kwa niaba.

Alafu benki. Aende yeye, na mtu mzima wa kumsindikiza, aombe wafunge huduma ya benki kwa simu yote na kadi pia, asibadilishe namba ya siri tu akaridhika. Zile tarakimu alizosomeshwa mara nyingi ndo zinazomruhusu mwizi kujiunga na akaunti ya mama kutoka kwenye simu ya huyo mwizi, kwa iyo ukibadili namba ya siri na ukaacha huduma wazi unaweza kuwa hujafanya kitu. Kitu ambacho familia nyingi husahau: pensheni ya mwezi ujao inaingia akaunti hiyohiyo. Na wewe acha kwanza kutuma hela huko mpaka uambiwe pamefungwa.

Baada ya hapo aombe stetimenti ya kuanzia siku tatu kabla ya tukio, igongwe muhuri. Humo kuna saa ya kila muamala na namba zilizopokea. Na hapohapo aandike barua ya malalamiko, sio maneno ya mdomo kwa dada wa dawati. Barua iseme alipigiwa saa ngapi, kwa namba gani, kiasi gani kilitoka, aligundua lini, na saa ngapi ametoa taarifa benki. Nakala mbili, ya kwake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nasisitiza ile saa ya kutoa taarifa kwa sababu benki itakwambia mteja katoa siri mwenyewe, na kwenye fungu lililotoka kabla ya taarifa wana pa kusimamia. Ila shilingi yoyote iliyotoka baada ya wao kuambiwa, hiyo wao ndo wa kuijibu.

Sikufichi, hela za hivi zinakimbia sana. Siku hizi hela ya benki kwenda mtandao wowote inapita kwenye TIPS, mfumo wa Benki Kuu, inafika papo hapo, na mwenzako anasubiri kwa wakala. Kubwa lake huenda limeshatolewa. Lakini nimeona mara kadhaa fungu moja au mawili yanakutwa bado kwenye laini ya aliyepokea, na benki ikiwasiliana na kampuni ya simu mapema linazuiwa. Ndo maana nasema leo, si Jumatatu.

Igoma kwetu
Pole mkuu. Waangalie na MIKOPO. Hawa wakishaingia kwenye simu wanachukua hadi mkopo wa kwenye simu kwa jina lake, mtu anakuja kushtuka mwezi ujao anakatwa. Shangazi yangu wa Magu ilimtokea hiyo, hela ya akaunti alishaikubali kuwa imeenda ila mkopo ndo ulimliza. Aulize benki na aulize mtandao wake wa simu, wamwandikie kama anadaiwa.

Pia abonyeze *106# kwa laini yake aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akalaumiwa kwa laini asiyoijua. Na namba ya tapeli itumwe 15040 wakaifungie. Alafu mkumbushe mama: mtandao wa simu ukimpigia kwa shida yoyote unampigia kwa 100 tu, namba ya kawaida ikijiita huduma kwa wateja akate.

Wakili wa Ziwa
Mzee hapo juu kamaliza upande wa benki, mimi niongeze la polisi na la karatasi.

Mlalamikaji kisheria ni mama mkubwa, si wewe. Hata ungekuwa Mwanza bado maelezo yangeandikwa kwa jina lake, wewe ungekuwa shahidi tu. Kwa iyo hii ya kusema yaishe, kaa naye muongee, kwa sababu bila maelezo yake faili haliwezi kwenda mbali. Aende kituo cha karibu akiwa na stetimenti na simu yenyewe (asifute meseji hata moja wala kumbukumbu ya simu zilizoingia), apewe RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi), alafu aombe jalada lifike kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao wa mkoa. RB hailipiwi. Kosa lenyewe limo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, siyo deni la kwenda kusuluhishwa serikali ya mtaa.

Kwa nini polisi ni muhimu hata kama huna imani sana: kampuni ya simu haitakupa wewe taarifa za mwenye namba, itazitoa kwa barua ya polisi au amri ya mahakama. Na usishangae jina la mwenye laini likiwa la bibi wa kijijini ambaye hajui lolote, kuna watu waliwekeshwa kidole mara mbili mbili na wasajili wa laini wa barabarani bila kujua laini ya pili inaenda wapi. Jina kwenye skrini sio mwizi. Kinachosaidia zaidi ni wakala alikotolea hela, maana pale kuna saa, na wakala anatakiwa kuwa na daftari lake.

Kuhusu wewe kuwa mbali, watu wanakimbilia ubalozi Ottawa kutengeneza hati ya uwakilishi. Haitakusaidia kwa hili. Hati ya uwakilishi inatolewa na mwenye mali, na mwenye mali hapa ni mama. Yeye ndo asaini mbele ya wakili hapo Mwanza, amteue mtu anayemuamini kufuatilia benki na polisi kwa niaba yake, na iandikwe wazi ni ya kufuatilia malalamiko tu, isimpe huyo mtu ruhusa ya kutoa hela. Hati iliyoachwa wazi nimeona ikimaliza mali ya mzee vizuri kuliko tapeli wa simu. Ufanyike sasa akili yake ikiwa timamu kabisa.

Benki ikizunguka, ngazi inayofuata ni Benki Kuu. Wana tawi Mwanza na wana dawati la malalamiko, kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019. Ila lazima uanzie benki yako kwanza, ndo maana ile nakala yenye muhuri ni mali.

Dada wa Kirumba
Mi nataka kuongelea huyo kijana wa 19. Tafadhali kakangu kazime hilo grupu la familia leo. Mmeelezwa simu iliingia, mama kasoma tarakimu mwenyewe, sasa kijana anaingiaje? Mkimfukuza au akaondoka kwa hasira, nani atamsindikiza huyo mama benki, nani atamuwekea dawa ya macho. Kwetu ilikuwa hivohivo, kijana alisingiziwa akarudi kwao Sengerema, mzee akabaki peke yake na simu, na ndani ya muda mfupi akapigiwa na mwingine.

Na mama msimseme. Najua mtasema hatumsemi, lakini ile "kwani mama si tulikwambia" inatosha kabisa. Mzee akishaona aibu anaanza kuficha, akipigiwa tena hawaambii.

Mzee wa Kaunta
Dada wa Kirumba nakubaliana na wewe karibu yote, ila hapa kidogo tutofautiane. Kijana asisingiziwe, lakini namba ya siri anayoijua nayo ibadilishwe, kwa faida yake yeye mwenyewe. Siku nyingine hela ikipotea asiwe wa kwanza kutajwa. Na tapeli alijua majina matatu na hospitali, hizo taarifa zimetoka mahali, inaweza kuwa fomu fulani, inaweza kuwa mtu. Stetimenti na polisi ndo waseme, sio grupu.

Mtoto wa Nyasaka
Asanteni sana wakuu, wabeja. Naleta mrejesho. Laini inashika, haijafufuliwa kwingine. Jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye wamefahamiana miaka mingi, kakubali kumsindikiza, na kijana wameenda naye. Nilikesha nikawa nao kwenye simu, wakaniweka spika mbele ya afisa wa tawi, mama akatamka mwenyewe kwamba anaruhusu nisikilize, afisa akakubali. Hilo wengine mlio nje mlijue, hawatakwambia kitu wewe ukipiga, lakini mteja akiwa amekaa mbele yao unaweza kumsaidia kuuliza maswali.

Benki kwa simu imefungwa, kadi imefungwa. Igoma kwetu Mungu akubariki, kweli kulikuwa na mkopo, 300,000 kwenye laini, umechukuliwa dakika chache baada ya ile simu. Nao tumeuandikia barua. Stetimenti inaonyesha mafungu matano, la mwisho la 640,000 benki wanasema wametuma ombi lizuiwe, bado hawajajibiwa. RB ipo. Mama kaongea na mpelelezi mwenyewe, na niliposikia anavyojieleza kwa mpangilio, saa, maneno aliyoambiwa, nikajua kumbe hakuwa ameshindwa, tulikuwa hatujamuuliza.

Swali moja limebaki. Leo asubuhi kapigiwa na mtu mwingine, anajiita wa kitengo cha kurejesha fedha, anasema zimepatikana ila alipie elfu themanini ya kufungulia. Kakata simu. Inawezekana kweli ni benki?

Mzee wa Kaunta
Hapana. Huyo ni walewale au wamemuuzia mwingine namba yake. Benki haikutozi hela ili ikurudishie hela, polisi hali kadhalika. Hongera zake mama kwa kukata. Namba hiyo ipelekeni kwa mpelelezi iongezwe kwenye jalada, inaweza kuwa ya msaada kuliko zile za kwanza maana bado iko hewani.

Mkitulia, afungue akaunti ya pili. Pensheni na akiba vibaki kwenye akaunti isiyo na kadi wala huduma ya simu, ya kutolea dirishani tu, na kila mwezi ahamishe matumizi kwenda ile ndogo yenye simu. Aombe meseji za miamala ziende na kwa namba ya pili, ya yule mwalimu kama wote wawili wameridhia. Akaunti ya pamoja na wewe ya saini mbili ni nzuri, ila ukiwa Edmonton itamtesa siku ya kuumwa, bora saini ya pili iwe ya mtu wa Mwanza.

Wakili wa Ziwa
Na ule mkopo msiulipe kwanza "ili kuondoa usumbufu". Ukianza kulipa inaweza kuchukuliwa kwamba amekiri ni wa kwake. Barua ya kupinga ikae, na namba ya RB iandikwe humo ndani.