Mtu katafuna chakula cha mbwa wangu mbele za watu, akakitema, halafu mjinga nionekane mimi?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule ambaye ukiweka picha ya mbwa wako, kabla ya salamu anakuuliza "kinyesi chake kikoje?" Yule anayetembea na mizani ya kupimia chakula cha mbwa kama sonara. Huyo huyo.

Leo nimekaa zangu kwa daktari wa mifugo nasubiri zamu, mtoto wangu wa mbwa wa miezi minne kajilaza miguuni, hoi, siku ya pili anaharisha. Mfuko wa chakula ninao, daktari alisema niende nao. Bwana mkubwa akaingia. Mabenchi matatu matupu, akaja kunibana mimi. Akautazama mfuko, akauliza, "Huu wa ngapi?" Nikamjibu kwa roho safi kuwa ni wa tatu tangu nimchukue, maana mimi mbwa wangu namzungushia: kuku, kisha samaki, kisha kondoo. Hata wewe ukilishwa kitu kimoja miaka 12 utang'ata mtu.

Hakunijibu. AKAINGIZA MKONO KWENYE MFUKO WANGU. Akatoa punje moja, akainusa, akaitia mdomoni. Akatafuna. Polepole, macho juu, kama anasikiliza redio. Ukumbi mzima kimya, hata kasuku aliyekuwa tunduni alinyamaza. Halafu akaitemea kiganjani, akamwonyesha mama mmoja mwenye paka, akasema: "Huyu mbwa halishwi, anafanyiwa majaribio."

Kiganjani! Akamwonyesha mama wa watu!

Mhadhara ukafuata. Eti nisidanganyike kwamba samaki ndiye wa kwanza kwenye orodha, viambato hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi sehemu kubwa ni maji, yakikauka huyo wa kwanza anaweza kuwa wa tatu. Sikusikia hata nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye ile punje, inang'aa mate.

Na bado. Mtoto wangu, huyu niliyemkesha usiku kucha, akainuka, akaenda akairamba ile punje mkononi mwake, akaila. AKAMTIKISIA MKIA.

Nimeaibika mpaka kisigino. Nifanyeje? Msiniambie nisamehe.

Mkia Juu:
Huyo jamaa alishawahi kunusa mdomo wa mbwa wangu akasema "jana kala siagi." Na kweli alikuwa kala siagi. Mkuu, hapo huna kesi.

Mama Mbwa Wanne:
Pole baba. Kuzungusha chakula si dhambi, mimi mwenyewe nina chapa tatu zinazopokezana. Ila ulikuwa unachanganya? Siku 7 hadi 10: unaanza na robo ya kipya, unakwenda nusu kwa nusu, halafu robo tatu, ndipo unaacha cha zamani.

Mleta uzi:
Mfuko uliisha, nikafungua mwingine. Mada si hiyo. Mada ni kwamba KATAFUNA.

Mama Mbwa Wanne:
Basi kilichomharisha tumekijua.

Jino la Nyuma:
Mfuko umeandikwa wa watoto au wa wazima? Na mbwa wa aina gani?

Mleta uzi:
Great Dane. Umeandikwa wa wazima, lakini nilimwongezea unga wa kalsiamu ili mifupa ishike. Narudia swali langu: ni haki mtu kutemea kiganjani mbele ya mgeni?

Jino la Nyuma:
Mungu wangu. Ungetemewa usoni.

Mtoto wa mbwa wa aina kubwa kama Great Dane hatakiwi kula cha wazima, na huo unga ndio mbaya kuliko chakula chenyewe. Utumbo wake haujajua kukataa kalsiamu iliyozidi, inapita tu, mifupa na viungo vinakua vibaya. AAFCO, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya vyakula vya mifugo, kwa watoto wa mbwa watakaofika kilo 32 na kuendelea wakishakua, kimeweka kikomo cha kalsiamu asilimia 1.8, maji yakishatolewa hesabuni. Tafuta mfuko ulioandikwa kuwa ni wa ukuaji, ukiwataja na mbwa wa aina kubwa. Picha ya samaki usiiangalie.

Mkia Juu:
Mleta uzi kaja na povu, anaondoka na ratiba ya chakula 😂

Mleta uzi:
Unga nimeuacha leo. LAKINI KATAFUNA.

Asiye na Nafaka:
Mnahangaika bure. Tatizo ni nafaka. Mbwa ni mbwa mwitu.

Jino la Nyuma:
Mbwa mwitu wako analala kwenye sofa. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilianza kuchunguza ugonjwa wa misuli ya moyo kwa mbwa, na vyakula vingi vilivyotajwa ni hivyo hivyo visivyo na nafaka, vimejaa njegere na dengu.

Asiye na Nafaka:
Haijathibitishwa!

Jino la Nyuma:
Sijasema imethibitishwa. Na yako ya mbwa mwitu je?

Kopo Tupu:
Mimi kero yangu ni wauzaji wanaofungua gunia na kupima kwa kopo. Mafuta yanachacha, na namba ya toleo huioni. Mwaka 2007 chakula cha mbwa na paka kilipokutwa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kikarudishwa viwandani, aliyenunua cha kupimiwa angejuaje kama chake kimo?

Paka wa Dirishani:
Heri yenu. Paka wangu anakwenda kula kwa mbwa wa jirani, kwangu anakuja kulala tu. Jirani ananidai chakula.

Mama Mbwa Wanne:
Mzuie mapema. Paka anahitaji taurini, kirutubisho cha moyo na macho, na chakula cha mbwa si lazima kiwe nayo ya kumtosha.

Paka wa Dirishani:
Nimzuie vipi, ana funguo?

Mleta uzi:
Jamani, punje yangu.

Shemeji Yupo:
Mimi mnaona hayo makubwa? Shemeji yangu kakuta kopo la biskuti mezani, kamaliza zote na chai. Tulipomwambia ni za mbwa akasema ndiyo maana hazina sukari.

Kopo Tupu:
Ladha gani hizo?

Shemeji Yupo:
Ini. Anauliza kama zipo nyingine.

Mkia Juu:
Mwambie asibadilishe ghafla, siku 7 hadi 10.