PhD ya maji pale Nelson Mandela Arusha: nianzie wapi?

Kijana_wa_Meru: Wakuu, shikamooni. Nina masta ya uhandisi wa maji, umri miaka 34, watoto wawili. Natamani uzamivu pale Chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, kuhusu kuondoa floridi (madini ambayo yakizidi hubadilisha rangi ya meno) kwenye maji ya visima. Meno yangu ya mbele yana rangi ya chai ya rangi, na binti yangu wa miaka 8 ameanza kuota ya namna hiyohiyo. Profesa mmoja (chuo kingine) nimemwandikia mara tatu, kimya. Ada sina.

MamaMaabara: Pole mdogo wangu. Uliandika nini lakini? Kama ni "naomba ufadhili", hata mimi nisingejibu. Soma makala zake mbili, kisha tuma andiko la kurasa mbili: sampuli utachukua wapi, utapimaje. Mkaa wa mifupa wa kuchujia floridi umeshachunguzwa sana, kwa hiyo sema wewe unaongeza nini. WHO inashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenu kina ngapi?

Tengeru_Kwetu: Chuo kile kilianzishwa kwa ajili ya masta na uzamivu, na maji ndiyo nyumbani kwao. Dkt. Askwar Hilonga alikuwa pale aliposhinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Ada, fuatilia matangazo ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo.

Kijana_wa_Meru: Dada umenikamata. Kisima chetu sijawahi kukipima, aisee! Jumatatu nabeba chupa.