Naomba ushauri: faili la kanzidata liko Chake Chake, nami niko Unguja

Mpemba wa Mjini: Assalaam aleikum. Ami yangu ana duka la jumla Chake Chake, na mauzo yake huingizwa katika faili la Microsoft Access (programu ya kanzidata, yaani ya kutunza data kwa majedwali) lililowekwa kwenye folda ya pamoja ya seva, ambalo kompyuta za kaunta na ya ghalani hulifungua kwa wakati mmoja. Mimi ndiye ninayelisimamia kutoka Unguja. Siku hizi linaharibika mara kwa mara, na kwa kuwa data zimefika GB 3, nachelea siku moja halitafunguka kabisa. Nifanyeje?

Fundi Mlandege: Wa aleikum salaam. Unalisimamia kwa njia gani hasa?

Bi Mkubwa wa Wete: Mwanangu, kabla ya waya wa baharini kutuletea umeme kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba tulitegemea majenereta, na hesabu za duka letu zilikaa daftarini. Umeme ulikatika, daftari likabaki vilevile.

Mpemba wa Mjini: Ahsante mama, ila ami hataki kusikia habari za daftari. Fundi, natumia njia ya kawaida tu.

Fundi Mlandege: Njia ya kawaida ndiyo ipi? Unaingia ndani ya seva, au unalifungua faili kwenye kompyuta yako?

Mpemba wa Mjini: Nalifungua kwangu kupitia VPN (njia ya faragha ya intaneti inayoniunganisha na mtandao wa duka), kwa bando la simu, na duka likishafungwa usiku nalibana na kulirekebisha (ile amri ya Access ya Compact and Repair). Sioni ubaya, maana kwangu linaonekana kama faili jingine lolote. Isitoshe, nimeshalipia hifadhi ya mtandaoni ya mwaka mzima ili folda ijinakili yenyewe pande zote mbili.

Fundi Mlandege: Hapo ndipo penye ugonjwa. Seva hiyo inalihifadhi faili tu. Kompyuta iliyolifungua ndiyo inayosoma na kuandika kurasa zake, kwa hiyo unapolibana ukiwa Unguja, data zinavuka bahari kuja kwako na kuvuka tena kwenda kuandikwa katika faili jipya, na intaneti ikikatika wakati wa kuandika, unaachiwa kipande. Ingia kwenye seva yenyewe kwa Remote Desktop, yaani uitumie seva ya kule huku ukiiona skrini yake kwako, ndani ya VPN hiyo hiyo, wala usiiache porti 3389, mlango wa Remote Desktop, wazi kwa ulimwengu mzima. Mawasiliano yakikatika, kinachopotea ni picha ya skrini, na kazi inaendelea kulekule. Hiyo hifadhi uliyolipia itakupa nakala mbili zinazopingana, kila moja na mauzo yake.

Kijana wa Darajani: Mniwie radhi, hadithi hii imetungwa. Faili la Access haliwezi kuzidi GB 2, sasa hizo GB 3 zimetoka wapi? Huenda huyu anauza hifadhi ya mtandaoni.

Mpemba wa Mjini: Siuzi kitu, wallahi. GB 3 ni za folda nzima pamoja na nakala za zamani. Faili lenyewe lina GB 1.8.

Fundi Mlandege: Na hilo ndilo ulilolificha! Likifika GB 2 halitapokea mauzo mapya. Hamishia majedwali kwenye SQL Server Express, programu ya kanzidata inayosoma na kuandika data kwenye seva yenyewe, ambayo haina malipo na toleo lake la 2022 hubeba hadi GB 10 kwa kila kanzidata. Fomu za Access zibaki na ziunganishwe nayo.

Mpemba wa Mjini: Ami amekataza seva isiguswe mpaka msimu wa karafuu umalizike, kwa sababu wakulima wakishalipwa ndipo duka linapojaa. Kwa sasa nitaendelea kulibana kwa njia yangu, ila kwa intaneti ya ofisini badala ya bando.

Kijana wa Darajani: Basi nimeamini kuwa ni kweli. Mtunzi angemfanya mhusika wake akubali ushauri.