Potenshiostati inawasha taa ya kupita kiwango: nyaya za elektrodi zinaunganishwaje?

Nyanza_Maabara
Habari zenu wadau. Tuna potenshiostati (mashine inayodhibiti volti ya elektrodi na kupima mkondo) yenye nyaya tano: kijani, buluu, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kitabu chake hakionekani. Ninapima kutu ya kipande cha chuma ndani ya maji ya Ziwa Viktoria yaliyochotwa Dunga, Kisumu. Elektrodi rejea (ya kulinganishia volti) ni ya fedha na kloridi ya fedha, saidizi (ya kukamilisha njia ya mkondo) ni waya wa platini. Nikianza tu, taa ya kupita kiwango inawaka, platini inatoa mapovu kama soda, na chuma kinageuka kahawia. Nimebadilisha klipu huku jaribio likiendelea, hali ni ile ile. Nakosea wapi? Na rangi hizi ni zile zile kwa kila mashine?

Fundi_Elektrodi
Kwanza usiguse klipu tena jaribio likiendelea. Mashine hiyo haijui volti ya chuma chako ila kwa kuambiwa na rejea. Rejea ikinyamaza, mashine inadhani volti haijafika, inaongeza, inaongeza tena, mpaka igonge kikomo chake. Kwa mashine nyingi kikomo ni volti 10 hadi 30 hivi. Kishindo hicho chote kinapita kwenye chuma chako, na ndiyo hayo mapovu na hiyo rangi ya kahawia. Sampuli hiyo haifai tena. Isugue upya kwa msasa au uchukue nyingine.

Rangi si sheria. Kuna kampuni ambayo nyekundu ni ya elektrodi ya kazi (yaani chuma kinachopimwa), na nyingine nyekundu hiyo hiyo ni ya saidizi. Soma namba ya modeli nyuma ya mashine, pakua mwongozo wa modeli hiyo hasa, kisha bandika tepu yenye herufi kwenye kila waya.

Utaratibu: hakikisha seli (elektrodi zote pamoja na maji yake) imezimwa kwenye programu. Usiamini tu kwamba jaribio limekwisha, maana baadhi ya programu huacha seli imewashwa. Bana waya wa kazi pamoja na ule wa kuhisi volti, wote wawili kwenye chuma. Wa kuhisi ukining'inia, vipimo vinarukaruka. Kisha rejea. Saidizi iwe ya mwisho kuunganishwa na ya kwanza kuondolewa, kwa sababu bila saidizi hakuna mkondo unaopita hata kama seli imewaka kwa bahati mbaya. Klipu zisigusane, wala zisizame majini: shaba yake itayeyuka na kuchafua kipimo.

Rezista_1k
Kabla ya kulaumu nyaya, ipime mashine bila maji. Nunua rezista ya ohmu 1,000 kwa fundi wa redio (mistari yake: kahawia, nyeusi, nyekundu, halafu dhahabu). Waya wa kazi na wa kuhisi upande mmoja, rejea na saidizi upande wa pili. Pitisha volti kutoka −0.5 hadi +0.5. Upate mstari ulionyooka kupitia sifuri, unaofika miliampia 0.5 kila upande. Ukinyooka, mashine na kebo ni nzima. Shida iko kwenye bika, yaani chombo chenye maji na elektrodi. Usiponyooka, tazama klipu: chumvi ya KCl (kloridi ya potasiamu) iliyo ndani ya rejea hupanda juu na kuotesha ukungu wa kijani kwenye meno yake.

Bika ikishukiwa, mshukiwa wangu wa kwanza ni kiputo cha hewa kwenye ncha ya rejea. Kinakata njia sawasawa na waya uliochomoka. Shika elektrodi wima, ncha chini, uikung'ute kama kipimajoto cha zebaki.

Mtaa_wa_Milimani
Niongeze mawili. Maji ya Winam, ghuba ya Ziwa Viktoria ulikochota, ni maji baridi (yasiyo ya chumvi), hayapitishi umeme vizuri. Si kama ya Ziwa Nakuru yenye magadi tele. Wengine watakwambia utie KCl gramu 7.46 kwa lita ili ipatikane molari 0.1. Kwa kupima madini sawa, lakini kwa kutu usithubutu, kloridi yenyewe inakula chuma. Wewe sogeza ncha ya rejea karibu na chuma, umbali wa mara mbili ya upana wa ncha. Karibu zaidi ya hapo unakifunika chuma.

La pili, ekstensheni isiyo na waya wa ethi haifai hata kidogo. Mkondo ukiwa mdogo sana utaona mawimbi ya hezi 50 kwenye mchoro. Funika bika kwa debe la biskuti na ubane ule waya wa ethi wa potenshiostati kwenye debe, lakini kwanza thibitisha kwenye mwongozo ni upi. Ukiona kelele bado, chomoa chaja ya laptopu utumie betri.

Nyanza_Maabara
Asanteni sana. Rezista imetoa mstari mnyoofu. Kiputo kilikuwepo, kikubwa kama punje ya mtama. Nimekung'uta na taa imezima. Sasa rejea niihifadhi wapi? Tumekuwa tukiiacha kwenye maji yaliyokenekwa.

Rezista_1k
Omera, hapo ndipo inapofia. Maji matupu huinyonya chumvi ya ndani na volti inahama. Iweke kwenye KCl ile ile iliyo ndani yake. Kama ni molari 3, yeyusha gramu 22.4 na uongeze maji hadi mililita 100, ncha izame, na chupa uifunike.