Nusu ekari Utange, ardhi ya tumbawe na kisima cha munyu: tuanze na nini?

Bi Utange
Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuna nusu ekari hapa Utange, Mombasa, shamba la urithi lenye minazi ya zamani, mwembe, nyumba ya mabati na kisima. Jembe likishuka shubiri moja tu linagonga tumbawe. Maji ya kisima yana munyu, sabuni haitoi povu, na sukuma wiki ikimwagiliwa nayo inaungua kingo za majani. Mkataba wa kazi wa mume wangu umekwisha, tumekubaliana shamba lilishe nyumba: mboga, mayai, wanga, na maziwa Mungu akijalia. Pesa za kufanya yote kwa mpigo hatuna. Moyo wangu uko kwa mbuzi wawili wa maziwa, mwenzangu anataka pampu ya kisima. Mliolima pwani hii hii, kipi kitangulie?

Mzee wa Minazi
Waaleikum salaam binti yangu. Mbuzi na pampu vyote vingoje. Anza na gata za paa na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 80 likipata milimita 20 usiku mmoja, hizo ni lita 1,600 kabla ya kutoa zinazomwagika. Masika yetu hushuka zaidi Aprili na Mei, vuli Oktoba na Novemba. Gata ziwe zimefungwa kabla Machi haijaisha. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yaende zake, yana vumbi na mavi ya kunguru. Yanayofuata yatunze kwa vitalu, miche na kuku. Ya kisima peleka kwenye minazi, yenyewe inastahimili munyu.

Kuhusu pampu, zungumza na mumeo taratibu. Kwenye kisima cha karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Ukivuta kwa nguvu, ya chini yanapanda, na yakishapanda hayarudi upesi. Ndoo na kamba zitakufanya uchote kwa kiasi.

Mkulima Shika Adabu
Mzee amesema kweli, ila mimi ningefanya udongo sambamba na hiyo tangi. Tumbawe ni chokaa. Maji yanapita tu, na mimea inashindwa kufyonza chuma. Ndiyo maana utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dawa yake ni mboji. Asiyeamini aende Haller Park pale Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, uwanda mkavu usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, akaanza kujaribu miti, mivinje ikashika, majani yake yakarundikana chini bila kuoza, ndipo akaleta majongoo. Majongoo wakayatafuna, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu.

Wewe huna haja ya kungoja miaka yote hiyo. Chukua mtaimbo, toboa shimo la mita moja kila upande, kina futi mbili. Chini panga makumbi ya nazi, upande wa nyuzi uangalie juu, yanashika maji vizuri sana. Juu yake samadi iliyooza, majani makavu ya mwembe, kisha udongo uliochimbua bila yale mawe. Jivu usitie kabisa, ardhi ya chokaa haihitaji jivu. Funika kwa makuti chakavu. Hapo panda mgomba, na maji ya kuoshea mchele na mboga yote yaishie hapo.

Mama Vifaranga
Dada, mbuzi wa maziwa wanataka mtu wa kuwakatia majani kila siku ya Mungu. Kuku wa kienyeji kwanza. Machicha ukishakamua tui wape siku hiyo hiyo, yakilala yanachacha. Kinachomaliza kuku huku ni kideri. Chanjo kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, kuku wote siku moja, na jirani yako mshawishi achanje wake pia. Kutoka dukani ibebe kwenye thamosi yenye barafu, ikipata joto umechanja maji. Vifaranga wafungie kwenye kizimba chenye wavu hadi juu, kunguru wa Mombasa hawana huruma.

Bi Utange
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Sukuma wiki basi niachane nayo? Na ugali je?

Kijana wa Mtongwe
Sukuma ibaki michache, kwa maji ya mvua. Tegemea mchicha, kunde za majani, mnavu na bamia. Maji ya munyu mwagilia jioni, kwenye shina, usirushe juu ya majani. Kwa wanga mimi ni wa muhogo, sio mahindi. Ukiyataka sana mahindi, Pwani Hybrid 4 ilizalishwa kwa ukanda wetu, lakini kwa ardhi ya mawe muhogo haukuangushi, na kisamvu unakichuma hapo hapo. Ulizia mbegu ya muhogo iitwayo Tajirika kwa KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo. Usikubali vijiti kutoka shamba lenye batobato, ugonjwa wa majani ya muhogo, hata ukipewa bure, utakuwa umepanda ugonjwa.

Mzee wa Minazi
Binti, mbuzi sikukatazi. Panda mlusina na gilirisidia, miti ya malisho, kwenye ua masika haya, ikishatoa majani ya kukata mara kwa mara ndipo ununue mmoja, mwenye mimba.

Halafu angalia minazi yako juu. Makuti yakiwa yamekatwa pembe pembe kama kwa mkasi, huyo ni chonga, mdudu mweusi mwenye pembe. Anataga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi na mboji, kwa hiyo magogo yachome, na mboji igeuze kila wiki. Ukikuta mabuu manene meupe, mwagia kuku.