Apu za simu kwa mgonjwa wa upasuaji, zinasaidia kweli?

Mwana_Njombe
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa anafanyiwa oparesheni ya ngiri wiki ijayo, yeye yuko Njombe mimi niko Dar, akiruhusiwa anarudi kijijini na hospitali ni mbali, nauli ya bodaboda tu inaumiza. Nimeona kuna apu za kumkumbusha mgonjwa dawa na kufuatilia kidonda, nikawaza nimuwekee kwenye simu ya mdogo wangu anayekaa naye maana mama mwenyewe ana kitochi. Kuna aliyewahi kutumia?

nesi_wa_zamu
Mkuu hongera kwa kumuwaza mama mapema. Niko wodi ya upasuaji, na kitu cha kuuliza kwanza ni nani anajibu upande wa pili. Apu inakuuliza kila siku una homa, kidonda kinatoa usaha, unajibu ndiyo halafu hakuna nesi wala daktari anayeona, hiyo inamsaidia nani? Kabla hajatoka wodini ombeni namba ya kupiga na muulize kama wanapokea picha.

Kabla ya oparesheni hata alamu ya simu inatosha. Kwa kawaida chakula kinasimama masaa 6 kabla ya nusu kaputi na maji matupu masaa 2, ila wagonjwa wengi wanaelezwa haraka haraka, mwingine anakaa na njaa toka jana yake anaingia theta amelegea, mwingine asubuhi kanywa chai ya maziwa "kidogo tu" oparesheni inaahirishwa. Kama anatumia dawa za presha au sukari, daktari wa usingizi amwambie zipi anywe asubuhi hiyo na ziandikwe.

jirani_wa_Kirehe
Rwanda, wilaya ya Kirehe, walifanya hivyo kwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mhudumu wa afya wa jamii anamfuata mama nyumbani na simu, anamuuliza maswali na kupiga picha ya kidonda. Mama hashiki simu kabisa, kwa hiyo kitochi kisikutishe, mdogo wako ndo ashike hiyo kazi.

Vumi254
Na si lazima iwe apu. Zimbabwe wanaume waliotahiriwa walikuwa wanatumiwa meseji za kawaida, mtu anajibu kama yuko sawa ama ana shida, mwenye shida anafuatiliwa na nesi, wenye wako sawa hawasumbuki kurudi kliniki bure. Simu yoyote inaweza.

nesi_wa_zamu
Kweli kabisa. Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, umbali uleule kila siku, na bandeji isifunguliwe kabla ya siku mliyoambiwa. Ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwenye picha, kwa hiyo mdogo wako anawe mikono aguse pembeni ya mshono asikie kama pana joto au pamekuwa pagumu. Usaha, harufu, homa, maumivu yanayozidi, msisubiri jibu la meseji, apelekwe. Mwangalieni mpaka siku 30, maambukizi mengi yanajitokeza mtu akiwa ameshafika nyumbani. Na tafadhali picha ya tumbo la mama isiende kwenye grupu la ukoo.

Mwana_Njombe
Asanteni sana, namba ya wodi kesho naiomba. Mama jioni anakohoa sana, niseme?

nesi_wa_zamu
Sema kabla hajalazwa mkuu. Kikohozi kinavuta mshono wa ngiri, na daktari wa usingizi lazima ajue.